Mume au mke mwenye ADHD ama usonji: namna ya kupanga nyumba, pesa na ugomvi

Mke anachungulia sebuleni na kusema, "Baba Brian, gesi imeisha." Mume anaitikia, "Ehe," macho bado yako kwenye simu. Nusu saa baadaye mke amenuna, ugali haujasongwa, na mume anashangaa kosa lake ni lipi. Yeye alipewa habari, akaipokea. Mke naye alikuwa ameomba: shika mtungi, uende dukani.

Nyumba nyingi za Nakuru, Kisumu au Kakamega hukosana hivyo mara moja moja na maisha yakaendelea. Mmoja akiwa na usonji (autism, ubongo unaopokea maneno, watu na sauti kwa namna tofauti) au ADHD (hali ya kukosa umakini, kutotulia na kukurupuka), mnakosana hivyo kila siku, na baada ya miaka kadhaa kila mtu amempa mwenzake jina: mvivu, mkali, hana hisia, hajali. Tunachoshikilia hapa ni kwamba ugomvi mwingi hupungua mkibadilisha mpangilio wa nyumba na namna ya kusemezana kabla ya kuanza kubadilisha tabia ya mwenzako. Tabia ya mtu mzima ni kazi ya miaka. Kengele ya simu ni kazi ya dakika moja.

Hakikisheni kwanza

Watu wazima wengi huanza kujishuku mtoto anapopimwa. Mwalimu analalamika kwamba mtoto hatulii darasani, anapelekwa hospitali, daktari anasoma dalili moja baada ya nyingine, na baba aliyeketi kando anajiona humo. Si ajabu, kwa sababu ADHD na usonji huenda sana kwa ukoo.

Kwa ADHD, mtu mzima huangaliwa kama ana dalili angalau 5 kati ya 9 za kukosa umakini, au 5 kati ya 9 za kutotulia na kukurupuka. Ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zionekane zaidi ya mahali pamoja (nyumbani na kazini, kwa mfano), na baadhi yake ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12. Ndivyo unavyosema mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, uliotoka 2013, na ndio ulioruhusu mtu mmoja kuandikiwa ADHD na usonji kwa pamoja. Kabla ya hapo ilikuwa moja au nyingine.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo itakayotoa jibu. Daktari husikiliza historia, kwa hiyo nenda nayo. Beba ripoti za shule ya msingi kama zipo. Maneno ya mwalimu kama "ana akili lakini hamalizi kazi" yana uzito kuliko alama zenyewe. Mpate mama, shangazi au kaka mkubwa aliyekuona ukiwa mdogo, hata kwa simu. Kisha wewe na mwenzako, kila mmoja peke yake, andikeni matukio ya mwezi uliopita: kilichotokea, wapi, kilileta hasara gani. Kuna dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani, ASRS, ambalo sehemu yake ya kwanza ina maswali 6. Hilo linakuonyesha kama kuna haja ya kwenda kwa daktari. Halikupi jina la hali yako.

Mahali pa kuanzia ni kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa: Jaramogi Oginga Odinga kwa walio Kisumu, Moi kwa walio karibu na Eldoret, au hospitali ya rufaa ya kaunti kwa walio Nakuru. Piga simu kwanza uulize daktari wa akili anakuja siku gani na kama anaona watu wazima kwa ADHD au usonji, maana huduma nyingi za hali hizi zimezoea watoto. Na usishangae ukiulizwa usingizi, pombe, huzuni ya muda mrefu au ukipimwa tezi ya shingo. Yote hayo yanaweza kufanana na ADHD.

Kinachoharibu hapa ni kitu kimoja: jina la hali kugeuzwa tusi. Siku utakayosema "hiyo ADHD yako imeanza tena" mbele ya watoto, mwenzako ataacha kutafuta msaada.

Ombi liwe ombi

Turudi kwa gesi. Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao kunatoka pande zote mbili. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walipitisha habari kutoka mtu hadi mtu: kundi la wenye usonji peke yao waliipokezana vizuri sawa na kundi la wasio nao. Habari ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Kwa hiyo acheni kutafuta nani mwenye kasoro ya kuelewa. Tengenezeni sentensi.

Ombi linalofika lina vitu vitatu: nani, nini, lini. "Baba Brian, naomba upeleke mtungi dukani sasa hivi kabla sijasonga ugali. Pesa nimekutumia." Basi. Kuguna, kugonga sufuria, kusema "sawa tu" huku sura inasema jingine, au kumwambia mtoto "mwambie baba yako kuna watu hawaoni" hakutamfikia mwenye usonji, na kukimfikia, kutamfikia kama hasira asiyojua chanzo chake.

Kuna ugumu wa kwetu ambao lazima muuongee mapema. Kwa mke kumwambia mume jambo waziwazi namna hiyo, au kijana kumwambia mke aliyemzidi umri, kunaweza kuonekana kama kumtuma mtu mzima. Kubalianeni wakati wa utulivu kwamba ndani ya nyumba yenu maneno ya wazi ni heshima. Mbele ya wakwe mnaweza kurudi kwenye kuzungusha maneno kama kawaida, lakini mkifika nyumbani aliyezungushiwa aruhusiwe kuuliza, "Mama Brian, pale ulikuwa unaniomba nini?" bila kuchekwa.

Kwa mwenye ADHD tatizo ni tofauti kidogo. Yeye alielewa ombi vizuri sana, lakini lilimdondoka njiani kati ya sebule na mlango. Usimwambie akiwa katikati ya jambo jingine. Subiri akuangalie, mwambie jambo moja, na mtungi uwe tayari mlangoni ambapo hawezi kutoka bila kuupita. Mambo mawili au zaidi, yaandike kwenye WhatsApp. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu hausaidii. Hatausikiliza mara ya pili kutafuta pale uliposema vitunguu.

Mtu mmoja, kazi nzima

Kosa kubwa la nyumba zenye ADHD ni mmoja kuwa msimamizi na mwingine kuwa kibarua. Msimamizi anaona, anakumbuka, anakumbusha, anakagua. Kibarua anafanya akiambiwa. Msimamizi anachoka, anaanza kuongea kama mzazi, kibarua anaanza kujificha kama mtoto, na hamu ya kitandani inakufa polepole bila mtu kujua imeuawa na nini.

Dawa yake ni kugawa kazi chache lakini kila moja ikiwa nzima: kuona kwamba inahitajika, kuipanga na kuifanya. Chukua gesi tena. Ikiwa ni ya mume, basi siku mtungi wa kilo 6 unapofungwa yeye ndiye anabandika kipande cha selotepu juu yake na kuandika tarehe. Mitungi miwili ikiisha mnajua unadumu siku ngapi kwa mapishi yenu. Tuseme unaenda siku 25. Anaweka kengele siku ya 20 yenye maneno "weka pesa ya gesi" na nyingine siku ya 23, "badilisha mtungi". Asisubiri moto uwe mwekundu. Tokeni za stima ni vivyo hivyo: zinunuliwe siku ile ile kila wiki, si mita ikianza kulia.

Mwenye kugawa kazi akubali pia kwamba itafanywa kwa namna ya mwingine. Vyombo vikioshwa saa nne usiku badala ya baada ya chakula, vimeoshwa. Kazi ya kwanza kumpa mwenye ADHD isiwe ile ambayo kosa lake lina hatari, kama dawa ya mtoto au karo yenye tarehe ya mwisho. Anza na ile ambayo ikisahaulika mtakula mkate na chai tu.

Kuhusu saa: wengi wenye ADHD wana nyakati mbili tu, sasa na baadaye. Kumwambia "harusi ni saa nne" ni kumwambia baadaye. Hesabuni kurudi nyuma. Mnatoka Kisumu, mnataka kuwa Kakamega saa nne asubuhi, na matatu haiondoki mpaka ijae. Basi mlango ufungwe saa mbili kasorobo. Kengele ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu, inasema "oga". Ya pili, saa moja na dakika ishirini, "vaa viatu". Ya tatu, "funga mlango". Kengele isiyo na kitenzi huzimwa na kusahaulika. Na aliye tayari mapema asisimame mlangoni akihema. Atangulie stejini kama anaweza.

Pesa

Hapa ndipo ndoa huvunjikia, na ndipo mpangilio husaidia haraka zaidi. Kukurupuka kwa ADHD kukikutana na simu yenye mkopo wa dakika moja, deni halikawii. Mtu ananunua spika ya pili kwa kuwa ya kwanza haioni, analipa faini ya chama kwa kusahau tarehe, anachukua Fuliza kufunika pengo, nayo inaendelea kukata ada kadiri deni linavyokaa.

Fanyeni haya siku ya mshahara au siku biashara inapohesabiwa, kabla pesa haijalala. Kwanza kodi, karo na chama vitoke vyenyewe: M-Pesa Ratiba hutuma kwa tarehe uliyoipanga bila mtu kukumbuka. Pili, pesa isiyotakiwa kuguswa ifungiwe kwa muda maalum, kwenye akaunti ya kufungia ya M-Shwari au kwenye sacco isiyotoa kwa simu. Tatu, kila mmoja abaki na kiasi chake kidogo ambacho haulizwi hata shilingi. Hiki msikiruke. Mtu aliyenyimwa kila senti ataficha, na ukificha mara moja unaendelea kuficha. Nne, wekeni kiwango, tuseme shilingi 2,000, ambacho ununuzi ukikizidi unalaliwa usiku mmoja kwanza. Asubuhi bado anautaka? Waongee.

Deni la Fuliza likishalipwa, mwenye namba anaweza kujitoa kwenye huduma hiyo. Afanye mwenyewe. Mwenzako akikupokonya simu na namba ya siri, tatizo la pesa limegeuka kuwa tatizo la utawala.

Ugomvi ukipanda

Mwenye ADHD mara nyingi hulipuka haraka na kupoa haraka, kisha anashangaa mwenzake bado ana machungu. Lawama ndogo pia humchoma kuliko ulivyokusudia. Mwenye usonji anaweza kufurika akalia au kupiga kelele, au akazima kabisa: anatazama ukuta na maneno hayatoki. Kuzima huko hufasiriwa kama dharau. "Naongea na wewe! Nitazame!" ndiyo sentensi mbaya kuliko zote wakati huo. Kutazamana machoni kunamwongezea mzigo, na swali la pili kabla hajajibu la kwanza linamfunga zaidi.

Pangeni mapumziko mkiwa na amani. Chagueni neno moja au ishara ya mkono. Akiisema mmoja, wote wananyamaza, hata aliyebakiza hoja nzuri. John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Marekani, hupendekeza angalau dakika 20, kwa sababu mwili uliopandwa na hasira hautulii upesi. Wenye usonji wengine huhitaji saa kadhaa. Anayeondoka ataje saa ya kurudi: "Narudi saa mbili na nusu." Bila saa, mwenzake anaona ameachwa, na atamfuata mpaka chooni.

Mapumziko hushindwa kwa sababu inayojulikana: aliyeomba ana ADHD, anatulia, anaanza kutengeneza redio, anasahau kurudi. Kwa hiyo aliyeomba ndiye anayeweka kengele na ndiye anayerudi kufungua mazungumzo. Mkirudi na maneno bado ni magumu, andikianeni. Hakuna aibu watu wawili walioko chumba kimoja kumaliza kesi kwa WhatsApp. Wakati mtu amefurika, punguzeni taa, zimeni televisheni, toeni watoto, na msimguse bila kuuliza.

Masikio, pua na kitanda

Mvua ya alasiri ikigonga mabati, spika za jirani, mafuta ya omena yakikaangwa chumba kimoja na kitanda. Kwa mwenye usonji haya yanaweza kuwa maumivu hasa. Jioni huwa mbaya zaidi, kwa sababu mchana kutwa alijikaza kazini akitabasamu na kusalimia watu, akaingia nyumbani akiwa hana akiba. Mke au mume anaona mtu mcheshi kanisani na jiwe sebuleni, akafikiri yeye ndiye asiyependwa. Mpeni nusu saa ya kimya akifika, kabla ya habari za siku, na muda huo uwe na mwisho unaojulikana.

Omena ikaangwe mchana mlango ukiwa wazi, au nje kwenye jiko. Vizibo vya masikio vya sponji hupatikana kwenye maduka ya dawa. Vinapunguza kelele bila kuzuia kumsikia mtoto akilia chumba hicho hicho.

Neti ya mbu inastahili neno lake, maana kandokando ya ziwa huwezi kulala bila neti. Wapo wanaoitupa usiku kwa sababu inawagusa ngozi na joto linawakaba. Msianze kugombana kuhusu malaria. Badilisheni ile ya mviringo iliyoning'inia katikati mnunue ya pembe nne, iwe pana kuliko godoro, ifungwe pembe zote nne za chumba ili kuta zake zisimame wima. Haitamgusa, na mbu naye hataweza kuuma kupitia neti iliyolala juu ya mkono.

Kuhusu kuguswa, ulizeni wazi. Wengi wenye usonji hawavumilii mguso mwepesi wa vidole lakini hutulia wakikumbatiwa kwa nguvu. Mwenye ADHD naye anaweza kupotea mawazo katikati ya tendo, na mwenzake akadhani kuna mwingine. Kupangiana siku si jambo la kuchekesha. Kunamwezesha anayehitaji maandalizi kujiandaa. Na mkilala vitanda viwili kwa ajili ya usingizi, usingizi ndio sababu.

Tuguse hapa pia jambo la uchumba. Wakati wa kutongozana, mwenye ADHD anaweza kumwelekezea mtu umakini wake wote, simu asubuhi na jioni. Ugeni ukiisha umakini unahamia pengine. Mwenzake anahesabu hilo kama mapenzi kuisha. Wekeni kengele ya kumpigia mwenzako saa saba mchana. Simu iliyokumbushwa na kengele bado ni yake.

Matanga na wageni

Hakuna mzigo kama matanga ya Magharibi mwa Kenya: siku kadhaa, jenereta usiku kucha, mamia ya watu wa kusalimia mkono kwa mkono, hakuna ratiba inayofuatwa. Kukosa huwezi. Unaweza kupunguza.

Fika mapema na usalimie wazee kwanza, kabla hujachoka. Mtu akionekana na wazee asubuhi, akitoweka alasiri hakuna anayehesabu. Akitoweka bila kusalimia, ni dharau itakayosemwa miaka kumi. Ombeni kazi yenye mipaka: kushika daftari la michango, kusimamia maji, kuelekeza magari. Tafuteni mapema pa kujificha kidogo, gari au nyumba ya shangazi iliyo mbali na spika. Na mwambieni mkwe mmoja tu anayeaminika, kwa maneno mepesi: "Mama, Baba Brian kelele nyingi zinamuumiza kichwa. Atakuwa hapa mpaka maziko yaishe, usiku atalala kwa shangazi." Msitoe majina ya kitabibu kwa ukoo mzima. Kuna watakaosikia laana au kurogwa, na hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Dawa na mshauri

ADHD ina dawa zinazosaidia wengi. Inayojulikana sana ni methilifenideti. Huandikwa na daktari, na shinikizo la damu na mapigo ya moyo hufuatiliwa. Ile ya muda mfupi hufanya kazi kama saa tatu hadi nne, ya muda mrefu saa nane hadi kumi na mbili. Hamu ya kula hupungua, kwa hiyo staftahi iliwe kabla. Kwa wanandoa jambo la maana ni saa: mazungumzo ya bajeti yawekwe wakati dawa iko mwilini, si saa tatu usiku imeshaisha. Usonji wenyewe hauna dawa ya kuuondoa, na anayekuuzia dawa kama hiyo aogopwe.

Mkitafuta mshauri nasaha, ulizeni kama amesajiliwa na kama amewahi kushughulika na watu wazima wa hali hizi. Anayewaambia mshikane mikono na kutazamana machoni kila mnapoongea anaweza kuwaongezea matatizo. Mchungaji au wazee wa kanisa wakiwasikiliza, waelezeni mapema kwamba mmoja wenu hujibu vizuri zaidi kwa maandishi.

Hali hizi zinaeleza kusahau, kuchelewa, kunyamaza, hata kupaza sauti. Hazielezi kupiga, kutisha, kunyima chakula au kumfungia mtu ndani. Ukiwa katika hayo, piga 1195, namba ya Kenya ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, bila malipo, au mwone mtu wa karibu unayemwamini, na achana na mwongozo huu.

Kwa wengine wote, kinachoweka mpangilio hai ni kikao cha dakika 20 kwa wiki, siku na saa ile ile, chai ikiwa mezani na daftari moja. Maswali matatu: nini kiliendelea vizuri, nini kilikwama, wiki ijayo kuna safari au mgeni gani. Badilisheni jambo moja tu kila wiki. Mkiandika mabadiliko matano, yatakufa yote kufikia Jumatano, na mtaanza kulaumiana upya. Kikao kikikosekana Jumapili, kinahamia Jumatatu saa ile ile. Msisubiri wiki iishe. Mbinu iliyofanya kazi miezi mitatu ikaacha ni jambo la kawaida kwa ADHD, kwa kuwa ugeni wake umeisha. Badilisheni mlio wa kengele, au hamisheni karatasi kutoka kwenye kabati hadi mlangoni, na muiendeleze.